UZI: Amri ya "mheshimu mama yako" haikutolewa kwa ajili ya watoto wadogo

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nina jambo limekaa moyoni wiki nzima, naomba nilitue hapa. Jumatatu usiku mama yangu alinipigia. Nikaona jina lake linawaka kwenye simu, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, nikaendelea na kazi niliyokuwa nafanya. Sikuwa na hasira naye. Nilijiambia tu kwamba huyu ni mama, atasubiri. Angepiga bosi wangu ningepokea hata nikiwa bafuni.

Asubuhi yake nikafungua Kutoka 20, sura niliyoikariri tangu nikiwa darasa la watoto kanisani: "Waheshimu baba yako na mama yako, siku zako zipate kuwa nyingi katika nchi upewayo na BWANA, Mungu wako." Nikasoma na amri zinazofuata. Usiue. Usizini. Usitamani mke wa jirani yako. Hapo nikasimama. Mtoto wa miaka sita hakatazwi kutamani mke wa jirani! Pale Sinai Mungu alikuwa anasema na watu wazima, wenye ndoa, mifugo na madeni, na wengi wao walikuwa na wazazi wazee wanaotembea nao jangwani. Sisi tumeichukua amri ya watu wazima tukawabebesha watoto, tukaifanya iwe "mtii mama, osha vyombo, usijibu kwa ukali", kisha tukikua tunaiacha pamoja na sare za shule.

Neno la Kiebrania lililotumika pale ni *kabed*. Mzizi wake ni uzito. Musa anapomwambia Mungu kwamba ni mzito wa kusema na ulimi wake ni mzito (Kutoka 4:10), ni mzizi uleule. Kuhani Eli alipoanguka na kuvunjika shingo, Biblia inasema alikuwa mzee, tena mzito (1 Samweli 4:18), mzizi uleule. Kwa hiyo kumheshimu mama ni kumpa uzito. Kiswahili chetu kinalielewa hili vizuri, maana tunasema fulani ni mtu mzito, neno lake ni zito. Sasa nenda Kutoka 21:17, kwa yule anayewalaani wazazi wake. Neno la pale linatoka kwenye mzizi wa wepesi. Yaani kinyume cha kumheshimu mama ni kumfanya mwepesi.

Simu iliyogeuzwa kifudifudi ndiyo hiyo. Nilimfanya mama yangu mwepesi, na sikutamka neno baya hata moja.

Naendelea, msichoke.

Mleta uzi

Kuna mahali Yesu alikasirika juu ya jambo hili, na sijui kwa nini hatulihubiri mara nyingi. Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Palikuwa na utaratibu wa kuweka mali wakfu, ukiitwa Korbani. Mtu ana kitu ambacho kingewasaidia wazazi wake, lakini akishatamka "hiki ni Korbani", basi, kimekuwa cha Mungu na wazazi hawana haki nacho tena. Kwa nje ni ibada tupu. Yesu akawaambia waziwazi kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao, na amri aliyoinukuu pale ni hii ya baba na mama.

Mnaona uzito wake? Mtu anaweza kuwa mtoaji mkubwa kanisani, jina lake linasomwa mbele za watu, huku mama yake hana dawa. Yesu hakukubali kwamba sadaka hiyo imefika kwa Baba.

Paulo naye anaifuata njia hiyohiyo kwenye 1 Timotheo 5. Anaanza kwa kusema wajane waheshimiwe. Halafu anafafanua: mjane mwenye watoto au wajukuu, hao wajifunze kwanza kuwalipa wazazi wao. Kuwalipa! Mistari michache mbele anasema wazee watawalao vema wastahili heshima maradufu, na mara moja anaunga na ujira wa mtenda kazi. Heshima kwa Paulo ina mkono ndani yake, mkono unaotoa kitu. Mstari wa 8 ndio mkali zaidi: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini.

Na kuna kisa kidogo ambacho wengi hukiruka kwenye 1 Samweli 22. Daudi yuko mafichoni, Sauli anataka kumuua, anaishi pango la Adulamu na watu kama mia nne, wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Hana pa kulaza kichwa chake. Lakini anavuka kwenda Mispa ya Moabu, anamwomba mfalme wa huko, baba yangu na mama yangu wakae kwako hata nijue Mungu atanitendea nini. Anawaacha mahali salama, yeye anarudi kwenye hatari. Naamini aliichagua Moabu akimkumbuka Ruthu, bibi wa baba yake, aliyetoka huko. Mkimbizi asiye na chochote alikuwa na nafasi ya kumfikiria mama yake. Mimi mwenye nyumba na simu ya mkononi nilikosa dakika tano.

Na msalabani. Misumari iko mikononi, kila pumzi ni ya kuitafuta. Katika hali hiyo Yesu anamwangalia Mariamu, anamwangalia mwanafunzi aliyempenda, anasema, "Tazama, mama yako." Yohana anaandika kwamba tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Mwana wa Mungu, katikati ya kuukomboa ulimwengu, anapanga mama yake atalala wapi usiku ule.

Nawasilisha. Karibuni tujadili.

Mchangiaji 1

Amina mkuu. Ongeza na Walawi 19:3. Pale mama anatajwa kwanza, kila mtu na amche mama yake, na baba yake. Kwenye Amri Kumi baba ndiye anatangulia, huku mama. Ni kama Mungu alijua kuna watu wangesema heshima ni ya baba, mama apewe upendo tu.

Mchangiaji 2

Mleta uzi, umeandika vizuri, ila nataka nikuulize kwa uchungu kabisa, siyo kwa ubishi. Mimi mama yangu aliniacha nikiwa na miaka minne. Amerudi nina kazi. Sasa kila mwezi ni mahitaji, na nikikataa jambo ananinukulia hiyohiyo Kutoka 20:12, siku zangu zitafupishwa. Naambiwa nimuunge mkono hata anapowagombanisha ndugu zangu. Biblia inaniambia nini mtu kama mimi?

Mleta uzi

Ndugu yangu, pole sana. Nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu.

Jambo la kwanza, Biblia haijifanyi kwamba mama wote ni wema. Inamtaja Athalia, na 2 Mambo ya Nyakati 22:3 inasema wazi kwamba ndiye aliyekuwa mshauri wa mwanawe Ahazia katika kutenda maovu. Ahazia alimtii mama yake, na utii huo unahesabiwa kama kosa lake. Inamtaja Maaka, ambaye mfalme Asa alimwondolea cheo cha mama wa mfalme kwa sababu ya sanamu aliyoitengeneza (1 Wafalme 15:13), na Asa anasifiwa katika habari hiyohiyo.

Ila mfano unaokuhusu zaidi naona ni wa Sulemani, 1 Wafalme 2. Bathsheba, mama yake, anaingia kwa mfalme kumwombea Adonia, ndugu yake Sulemani kwa baba. Sulemani anainuka kitini, anamwinamia, anaagiza kiti kiwekwe kwa ajili ya mama yake mkono wake wa kuume. Heshima gani tena zaidi ya hiyo? Kisha mama anatamka ombi lake, na Sulemani analikataa, kwa kuwa aliona nyuma yake kuna mtu anautaka ufalme. Tusimfanye Sulemani malaika, yaliyompata Adonia baada ya hapo ni mazito. Lakini kile kiti hakikumfunga mfalme akubali kila kitu. Unaweza kumwinamia mama yako na kumwambia hapana ndani ya saa moja, ukiwa hujaivunja amri.

Kwa hiyo msaidie asilale njaa, mjibu kwa adabu, usimtangaze. Kuwagombanisha ndugu zako usimfuate. Na kile kidonda cha miaka minne, Daudi aliliweka neno kwa ajili yako: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali BWANA atanikaribisha kwake" (Zaburi 27:10). Biblia imelitambua jambo lako. Huambiwi ujifanye halikutokea.

Mchangiaji 2

Sikuwahi kukiona hicho kiti cha Bathsheba. Asante mkuu. Naenda kusoma sura nzima.

Mchangiaji 3

Mimi nina swali la maandiko. Luka 14:26 Yesu anasema asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Na Marko 3, mama yake amesimama nje anamwita, yeye anauliza "mama yangu ni nani?" Na kule kwenye harusi ya Kana alivyomjibu mama yake, ukisoma Kiyunani alimwita "mwanamke". Hii inakaaje na uzi wako?

Mchangiaji 4

Naomba nimjibu mchangiaji 3, nimefundisha darasa la Biblia miaka mingi.

"Kuchukia" kwa lugha ya Biblia mara nyingi ni kupenda kidogo kuliko. Soma Mwanzo 29:30, Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Mstari wa 31 unaofuata tu unasema Lea alikuwa hapendwi, na neno la Kiebrania pale ni la kuchukiwa. Mathayo 10:37 analiweka neno lilelile la Yesu kwa lugha ya kawaida: ampendaye baba au mama kuliko mimi.

Hilo la "mwanamke" lisikusumbue. Kwa Kiyunani ilikuwa namna ya kumwita mwanamke kwa adabu, na Yohana anatumia neno hilohilo pale msalabani, saa ambayo hakuna anayeweza kusema Yesu alikuwa anamdharau mama yake. Ndiyo maana watafsiri wetu wameandika "Mama" sehemu zote mbili.

Marko 3 nayo, tazama anamalizaje. Anasema atakayeyafanya mapenzi ya Mungu, huyo ndiye ndugu yangu, na dada yangu, na mama yangu. Hakumfukuza Mariamu. Aliupanua mlango. Na kwenye Matendo 1:14, kwenye chumba cha juu, Mariamu yumo ndani anasali pamoja na wengine.

Mchangiaji 5

Jamani, nimekaa kimya nasoma tangu juu. Mimi ni dada ambaye sijajaliwa mtoto, mwaka wa tisa wa ndoa. Siku za kuwaombea akina mama kanisani tunaambiwa mama wote wasimame. Mimi hubaki nimekaa, macho yanageuka. Siku moja nilitoka nikakaa nje mpaka ibada ikaisha. Sijui kama Biblia ina neno kwangu zaidi ya "Hana alingoja akapata".

Mchangiaji 6

Dada yangu, mimi ni mama wa watoto wanne na nimelia niliposoma hapo ulipotoka nje.

Hana, yule aliyekuwa tasa akamwomba Mungu mtoto, tunamhubiri kwa pupa. Tunakimbilia kwa Samweli, mwana aliyempata. Kaa kwanza pale Shilo kwenye 1 Samweli 1. Midomo inacheza, sauti haisikiki, na kuhani mzima anamdhania amelewa. Mtumishi wa Mungu alimwona mwanamke mwenye uchungu akafikiri ni mlevi! Kama umewahi kutazamwa vibaya kanisani, umetazamwa kama Hana, na Mungu alikuwa upande wa Hana kabla mimba haijaingia.

Halafu tuangalie Biblia inamwita nani mama. Debora anajiita "mama katika Israeli" (Waamuzi 5:7), na hakuna mstari hata mmoja unaomtaja mtoto wake. Naomi amezika wanawe wawili, umri umekwenda, lakini Ruthu, mkwewe, anapojifungua majirani wanasema, "Naomi amezaliwa mwana" (Ruthu 4:17). Na Paulo, mwanamume asiyekuwa na mke, anatuma salamu Rumi: "Nisalimieni Rufo, mteule katika Bwana, na mamaye, aliye mama yangu pia." Huyu mama hatujui jina lake. Mahali fulani alimfanya Paulo mwanawe, na Paulo hakusahau.

Kwa wachungaji wanaosoma hapa, naomba. Mkisema mama wasimame, fikirini kwanza nani atabaki amekaa.

Mchangiaji 5

Mungu akubariki dada. Hiyo ya mama yake Rufo naiandika mahali.

Mchangiaji 7

Mimi nina mzigo mwingine. Mithali 31. Kila sherehe ya akina mama ni Mithali 31. Anaamka kabla haijakucha, taa yake haizimiki usiku, anafanya biashara, anashona, ananunua shamba. Mimi nafanya kazi, nalea, nikisikia hiyo sura najiona nimeshindwa kabla sijaanza.

Mleta uzi

Dada, anza mstari wa 1, tunauruka sana. Sura hii ni mausia ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Ni mama anasema na mtoto wa kiume. Na kuanzia mstari wa 10 mpaka wa 31 ni shairi la mistari 22, kila mmoja unaanza na herufi yake ya Kiebrania, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kama sisi tungeandika kutoka A mpaka Z. Ni picha ya maisha mazima yaliyojumlishwa, haikuwa ratiba ya siku moja.

Tazama pia amri iko wapi. Sifa nyingi, lakini amri ya mwisho inaelekezwa kwa wanaomzunguka: "Mpe mapato ya mikono yake." Watoto wake ndio wanaoondoka mahali pao na kumwita heri. Mumewe ndiye anayemsifu. Sura ambayo mama alimfundishia mwanawe jinsi ya kumtambua mwanamke anayefanya kazi, sisi tumeigeuza kuwa fimbo ya kumchapia mwanamke huyohuyo.

Nikifikiria umama kwenye Biblia, mimi narudi kwenye kanzu ya Samweli (1 Samweli 2:19). Hana alimwachisha ziwa, akamleta Shilo, akamwacha kwa Eli. Lakini kila mwaka alimtengenezea kanzu ndogo akampelekea. Fikirini kazi ile. Mtoto hayupo nyumbani apimwe. Mama anakaa na kitambaa anakadiria: mwaka jana ilimfika hapa, sasa atakuwa ameongezeka kiasi gani, mabega yakoje? Anakata kwa kukumbuka. Hana alikuwa na watoto wengine watano baadaye, wavulana watatu na wasichana wawili. Vitabu vya Samweli vina vita na wafalme, na bado Roho wa Mungu aliona ile kanzu iandikwe.

Mchangiaji 4

Hapo umenigusa. Na ongeza hili. Neno la Kiebrania la huruma, *rahamim*, ni ndugu wa neno *rehem*, tumbo la uzazi. Wale wanawake wawili waliogombea mtoto mbele ya Sulemani, mfalme alipoagiza upanga, aliyekuwa mama wa kweli rehema zake zikawaka, akasema mpeni yule mtoto yu hai, msimuue. Neno la pale ni hilohilo. Alikuwa tayari kumpoteza ilimradi aishi. Na wote wawili walikuwa makahaba, Biblia haifichi, lakini mfano wetu mkubwa wa moyo wa mama umetoka kwao.

Mungu alipotaka kueleza asivyoweza kuwasahau watu wake, alitafuta mfano akaukuta hapo: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe" (Isaya 49:15).

Mchangiaji 8

Mimi nimechelewa kuona uzi. Mama yangu alishatangulia mbele za haki, miaka miwili sasa. Kuna simu zake kadhaa ambazo sikupokea. Nimheshimuje sasa?

Mleta uzi

Pole sana, ndugu. Sina neno la kukufutia hizo simu, nisingependa kukudanganya.

Mithali 6 kuanzia mstari wa 20 inasema usiiache sheria ya mama yako, uifunge moyoni daima. Kisha inasema uendapo itakuongoza, ulalapo itakulinda, uamkapo itazungumza nawe. Mafundisho ya mama yanaendelea kuzungumza. Paulo akimwandikia Timotheo, 2 Timotheo 1:5, anaiona imani ndani yake na anaitaja ilikotoka: ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi, na katika mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani. Ni wanawake hawa wawili walioyapanda maandiko kwake tangu utoto, na kijana yule alipohudumu makanisani, watu walikuwa wanaisikia kazi ya Loisi.

Kuna jambo mama yako alikufundisha ambalo ni wewe tu umebaki nalo. Kama unaweza, liandike hapa.

Mchangiaji 8

Alikuwa akisali kwa kututaja majina, watoto wote saba, kwa kufuatana. Akifika kwangu alikuwa anatulia kidogo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Nitaanza kuwataja wanangu hivyo leo usiku.

Mleta uzi

Wakuu, nawapa mrejesho. Nimempigia mama jana jioni, tumekaa kwenye simu dakika arobaini.

Nikamwambia nimeandika mambo ya Biblia kuhusu mama, akafurahi, akaniomba nimsomee. Nikamwambia fungua 1 Samweli 2 tusome pamoja. Akanyamaza. Kisha akasema, mwanangu, ni zaidi ya mwaka sasa sisomi, herufi hazionekani. Anasema asubuhi hushika Biblia mapajani na kusema zaburi anazozikumbuka kwa kichwa.

Fedha nimekuwa nikituma kila mwezi, sikukosa. Hilo la macho sikulijua. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia, akasema alikuwa anapiga aniambie, akaona nina kazi.

Nikamsomea mimi. Tulipofika kwenye kanzu akaniambia nirudie mstari huo, nikaurudia.

Jumamosi nampeleka kwa daktari wa macho.